Nyumba ya Bwana na Faja la Farasi

Habari za kale hazikuandikwa katika vitabu peke yake. Nyumba nazo zaeleza. Mtu akitazama vema mahali mlango ulipowekwa, na chumba cha mpishi kilipojengwa, na mahali mtumishi alipolazwa, atajua mengi juu ya watu waliokaa humo, hata kama wote wamekwisha kufa na majina yao kusahauliwa.

Leo twataka kueleza habari za majumba makubwa ya shamba, yaani nyumba ambazo wenye mali na wenye enzi walijijengea nje ya miji, pamoja na majengo ya farasi wao. Tutatazama kwanza jumba moja la Uingereza la zamani za Malkia Victoria, aliyetawala tangu 1837 hata 1901. Kisha majumba mawili ya Unguja ya karne ile ile. Mwisho tutauliza kwa nini huku kwetu Lusewa, na katika nchi yote ya Ruvuma, hazikujengwa nyumba za farasi. Swali hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna habari za babu zetu.

Watu wa pwani wa zamani waliiita nyumba ya farasi faja, na mtunza farasi walimwita saisi. Huku bara maneno haya hayakuenea, kwa kuwa kitu chenyewe hakikuwapo. Wengi wetu twamjua farasi kwa picha na kwa kumsoma katika Maandiko. Kwa hiyo hatuna budi kuanza huko alikokuwa wa kawaida.

Katika Uingereza ya wakati ule, mtu mkubwa hakuhesabiwa kuwa mkubwa kwa fedha tu, ila kwa ardhi. Alikuwa na nyumba mjini London, naye alikaa humo miezi kadha ya mwaka. Lakini nyumba iliyobeba jina la ukoo wake ilikuwa ile ya shamba, katikati ya miti na malisho, mara nyingi imezungukwa na ukuta mrefu. Mfano mmoja ni Eaton Hall, katika jimbo la Cheshire. Bwana wake alikuwa Hugh Grosvenor, Duke wa kwanza wa Westminster, mmoja wa matajiri wakubwa wa Uingereza. Alimwita fundi mkuu Alfred Waterhouse, yule aliyechora pia jumba la Manchester la baraza la mji na nyumba ya makumbusho ya viumbe huko London, naye akalijenga upya jumba lile tangu 1870 hata 1882. Lilikuwa kama mji mdogo: minara, paa zilizochongoka, madirisha yenye matao, kanisa dogo na mnara wa saa wenye kengele 28.

Lakini tusiduwae kwa minara. Methali yatuambia, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ukiingia ndani ya jumba la namna ile utaona kwamba kwa kweli ni nyumba mbili zilizofungwa pamoja. Ya kwanza ni ya bwana na wageni wake: ukumbi mrefu, chumba cha kulia, chumba cha vitabu, chumba cha wanawake cha kuzungumzia, na ngazi pana ya kupandia orofani. Ya pili ni ya watumishi: jiko, vyumba vya kuoshea vyombo na nguo, ghala za vyakula, stoo za makaa ya mawe, na ngazi nyembamba ya nyuma. Mafundi wa wakati ule walisumbuka sana kuzitenga nyumba hizi mbili. Jiko liliwekwa mbali ili harufu isimfikie bwana mezani, hata chakula kikawa na safari ndefu kabla ya kufika. Mtumishi aliyebeba maji ya moto au makaa alipita njia yake ya nyuma, asikutane na mgeni. Ukutani mwa upande wa watumishi zilitundikwa kengele zilizovutwa kwa waya kutoka kila chumba. Kengele ikilia, mtumishi alijua ni chumba kipi kinachomwita, ingawa hakumwona aitaye.

Sasa tulitazame faja. Katika jumba la shamba la Kiingereza nyumba ya farasi haikuwa kibanda cha uani. Ilikuwa jengo zuri la mawe au matofali, limejengwa pande zote za ua wa mraba, nalo lina lango lenye tao, na mara nyingi saa juu ya lango. Liliwekwa karibu na nyumba kubwa ili gari lije upesi likiitwa, lakini si karibu mno, kwa sababu ya harufu na inzi. Upande mmoja wa ua walikaa farasi. Wengine katika sehemu nyembamba zilizotengwa kwa mbao, kila moja yapata futi 6 kwa upana, na wale wa thamani, au wagonjwa, au majike yenye mimba, katika chumba cha peke yake, yapata futi 12 kila upande, ambamo mnyama aliweza kugeuka na kulala apendavyo. Sakafu ilikuwa ya matofali magumu yenye mifereji, ili mkojo utiririke nje na kwato zisioze. Juu paliachwa matundu ya kupitisha hewa, maana waganga wa wanyama walikwisha kujua kwamba hewa nzito huleta kikohozi. Nyasi kavu ziliwekwa darini, zikashushwa kwa tundu hata horini. Upande wa pili yalikaa magari, na kando yake chumba cha matandiko na hatamu, chenye jiko la moto ili ngozi zisifanye ukungu.

Na masaisi walilala wapi? Mara nyingi walilala juu ya farasi, darini, karibu na zile nyasi. Hatusemi kwamba mabwana wote walikuwa wakatili; wengine waliwatendea mema watumishi wao, na saisi alikuwa mtu huru mwenye ujira, aliyeweza kuondoka. Lakini kuta hazidanganyi. Nyumba ilijengwa kwa daraja: bwana, kisha mgeni, kisha farasi wa thamani, na kijana aliyemsugua farasi yule alfajiri alipata nafasi iliyobaki.

Tuvuke bahari sasa, twende Unguja. Huko nako walikuwapo wenye enzi waliopenda kutoka mjini. Seyyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, alikuwa na jumba la shamba mahali paitwapo Mtoni, kaskazini ya mji, kando ya bahari. Habari zake twazijua sana kwa sababu binti yake, Salme, alizaliwa humo mwaka 1844, naye baadaye aliolewa na Mjerumani, akaandika kitabu cha maisha yake kilichotolewa mwaka 1886. Yeye aeleza kwamba mto wenyewe ulipita uani. Kwamba palikuwa na hamamu nyingi mwisho wa ua. Na kwamba uani walitembea paa, tausi na mbuni. Mbele ya nyumba, kuelekea bahari, ilikuwapo roshani ya mviringo, na Sultani alikuwa akitembea humo huku na huko, peke yake, akifikiri. Alikaa Mtoni siku 4 katika juma, na siku nyingine alikaa mjini. Watu wa nyumba ile, asema Salme, walikuwa kama elfu.

Farasi pia walikuwapo. Watoto wa Sultani walifundishwa kupanda tangu udogo. Wavulana walipewa farasi wa Kiarabu, na wasichana punda wakubwa weupe wa Maskati. Farasi wa Seyyid Said walijulikana hata ng'ambo. Mwaka 1840 alipopeleka jahazi lake Sultanah mpaka New York, miongoni mwa zawadi zake kwa Rais wa Marekani walikuwamo farasi wawili. Rais Van Buren hakuruhusiwa na sheria za nchi yake kupokea zawadi kwa ajili yake mwenyewe, basi farasi wakauzwa na fedha zikatiwa katika hazina ya serikali.

Namna ya kujenga Unguja haikuwa ya Kiingereza. Kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe na chokaa, nene sana, ili jua lisipenye. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya kuni nyingi. Dari na sakafu za orofani zilishikwa na boriti za mikoko, na juu ya boriti kikamwagwa kifusi cha mawe na chokaa, kikapigwapigwa kwa magongo siku nyingi mpaka kishikamane. Kwa kuwa boriti ya mkoko haiwi ndefu, vyumba vya Unguja vilikuwa virefu na vyembamba. Fundi aliweza kuongeza urefu, lakini upana aliamriwa na mti. Mtu mkubwa ajapokuwa na mali kiasi gani, chumba chake hakikuzidi upana wa boriti, isipokuwa ameweka nguzo katikati au ameleta mbao na chuma kutoka mbali.

Mwanawe, Seyyid Barghash, alitaka kuzidi hapo. Mwezi wa Juni 1875 alikwenda Uingereza, akamwona Malkia Victoria huko Windsor, akatembezwa katika miji mikubwa. Aliporudi alijenga sana. Jumba lake la mjini, Beit el Ajaib, la mwaka 1883, liliinuliwa kwa nguzo za chuma kutoka Ulaya. Lakini kabla yake, yapata mwaka 1882, alimaliza jumba la shamba la Marahubi, si mbali na Mtoni, kwa ajili ya wanawake wa nyumba yake. Nguzo kubwa za mawe zilibeba orofa na roshani za mbao. Palikuwa na hamamu, na mabirika ya maji, na miembe ya kivuli. Shamba lote lilizungushiwa ukuta mrefu, na husemwa kwamba wazo la ukuta ule alilipata Uingereza, alipoona jinsi mabwana wa huko walivyozungushia mashamba yao. Angalieni basi: Eaton Hall na Marahubi zilimalizika wakati mmoja, na ukuta wa mmoja wafanana na ukuta wa mwingine. Wenye enzi hujifunza upesi wao kwa wao.

Hapa ndipo habari inapotufikia sisi. Mali iliyojenga majumba ya Unguja ilitoka katika karafuu, na pembe za ndovu, na watu. Aliyechuma karafuu ni nani? Aliyepasua matumbawe, akachoma chokaa, akabeba boriti kichwani kutoka ufukweni, ni nani? Wengi wao walikuwa watumwa, na wengi katika watumwa wa Unguja walitoka upande wetu: nchi ya Nyasa, na Uyao, na kando ya mto Ruvuma. Walipitishwa njia ya Kilwa, maelfu kwa maelfu kila mwaka, wengine wakianguka njiani. Wala tusiseme kwamba wageni peke yao walifanya hivyo. Wakubwa wa bara nao waliuza, na misafara mingi iliongozwa na watu weusi kama sisi. Biashara ile ya baharini ilikatazwa kwa mapatano ya tarehe 5 Juni 1873, ambayo Seyyid Barghash mwenyewe aliyatia sahihi, ingawa ilikwenda kwa siri miaka mingi baadaye. Na utumwa wenyewe katika Unguja haukuondolewa na sheria hata mwaka 1897. Basi mtu wa Lusewa akienda leo kuzitazama nguzo za Marahubi, asizitazame kama mgeni. Huenda mkono uliokanda chokaa ile ulikuwa mkono wa ndugu wa babu yake.

Sasa lile swali letu: kwa nini farasi hawakufika huku? Jibu lake ni mdudu. Mbung'o, akaaye katika misitu ya miyombo kama hii yetu, hubeba ugonjwa uuao farasi, ng'ombe na punda. Watu wa nchi walijua zamani kwamba mifugo haiishi mahali penye mbung'o. Na katika miaka ya 1890 mganga wa Kiingereza, David Bruce, akifanya kazi katika nchi ya Wazulu, alikiona katika damu ya wanyama kile kijidudu chenyewe kiletacho maradhi.

Mwaka 1866 Daktari Livingstone alijaribu. Alishuka Mikindani na ngamia 6, nyati wa Kihindi 3 na ndama, nyumbu 2 na punda 4, apate kujua kama wanyama hao waweza kuvumilia mbung'o. Akafuata Ruvuma, akapita nchi ya Wayao hata kwa Mataka huko Mwembe, akafika Ziwa Nyasa mwezi wa Agosti. Wanyama wake walikufa mmoja mmoja njiani. Yeye mwenyewe aliwalaumu sana wachungaji kwa kuwapiga na kuwalemeza, wala hakukosa sababu. Lakini nchi yenyewe haikuwa rafiki wa wanyama wale.

Basi pasipokuwa na farasi, wala punda, wala gari, mzigo wabebwa na nani? Wabebwa na mtu. Kila jora la nguo lililoingia bara, na kila pembe iliyotoka, ilikwenda kichwani au begani, mara nyingi ratili 60 na zaidi kwa mtu mmoja, mwendo wa majuma mengi. Wapagazi wengine walikuwa watu huru wenye ujira, tena hodari wenye sifa; lakini wengi walibebeshwa pembe nao wenyewe wakiwa bidhaa, wauzwe pamoja na mzigo wao pwani. Hii ndiyo maana twasema kwamba swali la farasi lina habari za babu zetu. Huko Eaton farasi wa thamani alikuwa na chumba chake cha futi 12 na sakafu yenye mfereji. Huku kwetu, aliyefanya kazi ya farasi alikuwa mtu, naye hakuwa na faja. Alilala chini penye moto, na wengine walilala shingo zikiwa katika kongwa.

Lakini habari haikuishia hapo. Mwaka 1871 Misheni ya Vyuo Vikuu ilinunua shamba Mbweni, kusini ya mji wa Unguja, mahali penye mashamba ya wakubwa. Daktari John Kirk, balozi wa Kiingereza, naye alikuwa na nyumba yake ya shamba na bustani huko. Katika shamba la misheni walikaribishwa watu waliotolewa majahazini, zikajengwa nyumba zao, na shule ya wasichana, na kanisa lililomalizika mwaka 1882, mwaka ule ule wa Marahubi. Kabla ya hapo, mwaka 1876, baadhi ya watu wa Mbweni waliomba kurudi kwao upande wa Nyasa. Askofu Steere akafuatana nao kwa miguu kutoka Lindi. Walipofika Masasi walipaona pana maji na ardhi njema, wakakaa. Nyumba walizozijenga zilikuwa za miti, udongo na nyasi, wala hazina mnara wala saa. Lakini kwa watu wale zilikuwa nyumba za kwanza, baada ya miaka mingi, walizojijengea kwa hiari yao wenyewe.

Na yale majumba makubwa yako wapi? Marahubi iliungua mwaka 1899, haijatimiza hata miaka 20. Zilibaki nguzo za mawe, na hamamu, na mabirika. Mtoni iliungua mwaka 1914, ikabaki magofu. Beit el Ajaib iliishi zaidi, lakini sehemu yake kubwa ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Eaton Hall nayo haikuokolewa na mawe yake. Wakati wa vita kuu ya pili ilitumiwa na vijana wa chuo cha wanamaji, na baadaye na wanafunzi wa uofisa wa jeshi. Watumishi wa kuitunza hawakupatikana tena kama zamani, na mbao zake zilikuwa zimeoza. Tangu 1961 hata 1963 ilibomolewa. Viliachwa kanisa, mnara wa saa, na ua wa farasi. Nyumba ya bwana imekwisha kuondoka, faja lasimama.

Wasomaji wengine watacheka kwa jambo hilo, nasi hatuwazuii. Lakini lina sababu yake. Faja lilijengwa kwa kadiri ya haja: hewa, maji, chakula, sakafu kavu. Nyumba kubwa ilijengwa kwa kadiri ya fahari, tena ilihitaji watu wengi wa kuibeba kila siku, watu ambao hawakuhesabiwa ilipochorwa. Walipopungua watu wale, nyumba haikuweza kusimama kwa miguu yake.

Haya yatufaa sisi tunaojenga Lusewa. Vijana wetu wachoma matofali, waezeka kwa bati, nao wafanya vema. Hatusemi mtu akae katika nyumba ivujayo ili aonekane mnyenyekevu. Ila kabla ya kuchimba msingi, mwenye nyumba na azunguke kiwanja chake, aulize maswali machache. Mke wangu atapikia wapi, na moshi utatokea wapi? Mtoto wa ndugu yangu, niliyemleta anisaidie kazi, atalala wapi: chumbani penye dirisha, au stoo pamoja na magunia? Mbuzi wangu wana sakafu kavu? Mzee akija, ataweza kupanda ngazi yangu? Mtu akiweza kuyajibu maswali haya bila kuona haya, nyumba yake ni njema, ingawa ni ya vyumba viwili.

Na asiyeweza kuyajibu, na ajue kwamba kuta zake zitaeleza habari zake siku moja, kama zile za Eaton na Marahubi zilivyoeleza za mabwana wao.